Fedha au chipukizi? Njia mbili za Red Sox kumpata nyota wakati wa baridi

Desemba 10, 2024, viongozi wa klabu za besiboli za Marekani wakiwa wamekusanyika Dallas kwenye mkutano wao wa kila majira ya baridi, New York Yankees walikubaliana na mrushaji Max Fried: miaka 8, dola milioni 218. Hakuna mrushaji wa mkono wa kushoto aliyewahi kuahidiwa fedha nyingi kiasi hicho kabla yake. Boston Red Sox nao walikuwa wakimwinda Fried. Walipomkosa hawakukaa kulia. Kesho yake wakamchukua Garrett Crochet, naye wa mkono wa kushoto, kutoka Chicago White Sox, klabu iliyokuwa imetoka kupoteza michezo 121 katika msimu mmoja. Chicago walipewa vijana wanne: mdakaji Kyle Teel, Braden Montgomery wa uwanja wa nje, Chase Meidroth wa uwanja wa ndani na mrushaji Wikelman Gonzalez.

Tangu hapo mashabiki wa Boston wamegawanyika, na ubishi haujaisha. Kuna wanaosema klabu tajiri kama hii ina wajibu wa kufungua pochi, vijana wabaki nyumbani wakue. Wapo wanaosema chipukizi ni ahadi tu, na ahadi haishindi mchezo wa Oktoba, mwezi wa mtoano wa ubingwa. Kama ndiyo kwanza unaanza kuifuata timu hii na hujui usimame upande gani, nitakuwekea njia zote mbili mezani, kisha nitakuambia mimi nimesimama wapi na kwa nini.

Wengi wetu tuliijua Boston kwa mbio za marathoni kabla ya kuijua kwa besiboli. John Korir na Sharon Lokedi walishinda kule mwaka 2025, Wakenya wote wawili, na maili ya mwisho ya mbio hizo hupita jirani kabisa na Fenway Park, uwanja ambao Red Sox huchezea asubuhi ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo huu si mji mgeni kwetu. Kinachohitaji maelezo ni kanuni za usajili wake.

Kanuni zinazogeuza hesabu

Ukitoka kwenye soka, sahau ada ya uhamisho. Katika ligi kuu ya besiboli klabu ikitaka mchezaji wa klabu nyingine mwenye mkataba, kwa kawaida inatoa wachezaji wake, na yule anayehama anahama na mkataba wake uleule. Wengi hawaulizwi kama wanakubali. Mtu anaweza kuamka mchezaji wa Boston na kulala mchezaji wa Chicago.

Uhuru wa kuchagua klabu huja baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu. Hapo ndipo mchezaji anaingia sokoni na dau linapanda. Lakini hesabu umri wake: aliyeanza ligi kuu akiwa na miaka 23 au 24 anafika sokoni akikaribia 30. Fried alikuwa na miaka 30 aliposaini. Crochet alikuwa na 25, na mshahara wake wa 2025 kabla ya mkataba mpya ulikuwa dola milioni 3.8 tu, kwa sababu bado alikuwa chini ya mamlaka ya klabu.

Kuna pia kodi. Klabu ambayo mishahara yake ilivuka dola milioni 241 mwaka 2025 ilitozwa juu ya ziada hiyo, na ukirudia mwaka baada ya mwaka kiwango kinapanda. Tena, ukimsajili mchezaji huru aliyekataa ofa maalumu ya klabu yake ya zamani, unapoteza baadhi ya nafasi zako katika uchaguzi wa vijana wa mwaka unaofuata, ule ambao klabu huchagua chipukizi wapya kwa zamu. Fried alikuwa na mzigo huo. Kwa hiyo hata anayelipa kwa fedha hulipa kidogo kwa vijana, vijana ambao hajawachagua bado.

Mrushaji: hapa sina shaka

Tuanze na majira yale ya baridi, maana yalitupa mfano safi. Warushaji wakubwa watatu waliokuwa wakizungumzwa ni Fried, Crochet na Corbin Burnes. Burnes alikwenda Arizona kwa miaka 6 na dola milioni 210. Juni 2025 alifanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, na msimu wake ukaishia hapo. Fried alikuwa kila kitu Yankees walichotaka: alishinda michezo 19 na kupoteza 5, akiruhusu wastani wa alama 2.86 kwa kila awamu tisa. Crochet alishinda 18 na kupoteza 5, wastani wa 2.59, na akawatoa wapigaji 255 kwa mapigo matatu ya kukosa, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine wa ligi kuu aliyeifikia msimu huo.

Ukiangalia takwimu hizo peke yake utasema Fried na Crochet wako sawa, basi heri fedha, vijana wabaki. Lakini takwimu za mwaka mmoja hazikuonyeshi mkataba unaendelea hadi lini. Wa Fried unafika 2032, atakapokuwa na miaka 38. Crochet aliongezewa mkataba kabla hata hajamaliza wiki yake ya kwanza ya msimu Boston: miaka 6, dola milioni 170, kuanzia 2026. Utamkuta na miaka 32 ukimalizika. Red Sox wanalipia miaka ya nguvu zake. Yankees wanalipia miaka ya nguvu za Fried pamoja na ile ya kushuka, na bega la mrushaji halishuki taratibu kama jicho la mpigaji. Linaweza kukatika Jumanne akiwa alikuwa salama Jumatatu.

Kisha wakakutana uso kwa uso. Septemba 30, 2025, mchezo wa kwanza wa mtoano, Yankee Stadium. Fried alirusha awamu sita na sehemu bila kuruhusu alama yoyote. Crochet aliruhusu moja, Anthony Volpe alipoupiga mpira ukavuka uzio katika awamu ya pili, halafu akawatoa wapigaji 17 mfululizo. Alidumu karibu awamu nane na kuwatoa 11 kwa kukosa mapigo. Fried alipoondoka Boston wakageuza mchezo, wakashinda 3-1. Sijui shabiki wa Boston aliyeuona usiku ule ambaye bado angeomba wale vijana wanne warudishwe.

Huu si mkasa wa mara moja. Tazama wale warushaji waliobeba Red Sox katika vizazi viwili vilivyopita, halafu uulize kila mmoja alifikaje. Pedro Martínez alitoka Montreal Novemba 1997 kwa kubadilishana na Carl Pavano na Tony Armas Jr., akaongezewa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 75, kisha akashinda tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora mwaka 1999 na 2000. Curt Schilling alitoka Arizona Novemba 2003, na mwaka uliofuata Boston wakatwaa ubingwa waliousubiri tangu 1918. Josh Beckett alitoka Florida Novemba 2005 pamoja na Mike Lowell. 2007 Beckett akawa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, na Lowell akawa mchezaji bora wa World Series, fainali kuu ya ubingwa. Chris Sale alitoka Chicago Desemba 2016, na ndiye aliyemtoa mpigaji wa mwisho katika World Series ya 2018. Wote hao walikuja kwa kubadilishana.

Sasa wale walionunuliwa. Daisuke Matsuzaka aliigharimu klabu dola milioni 51.1 kwa ajili ya haki ya kuzungumza naye tu, fedha zilizokwenda kwa Seibu Lions wa Japani, na milioni 52 nyingine za mshahara wa miaka sita. Misimu yake miwili ya kwanza ilikuwa mizuri, hasa ile ya 2008 aliposhinda 18 na kupoteza 3. Baada ya hapo mwili ukagoma. David Price alisaini kwa miaka 7 na dola milioni 217 mwishoni mwa 2015. Namheshimu Price, maana alishinda michezo miwili ya World Series ya 2018 na bila yeye huenda kombe lisingekuja. Lakini kabla mkataba haujafika mwisho, klabu ilikuwa inatafuta mtu wa kumbebea mzigo ule.

Njia ya kubadilishana nayo ina mtego wake, na mtego hauko pale wengi wanapoutazama. Sale alipopatikana kwa kuwatoa Yoán Moncada, Michael Kopech na wengine wawili, watu walilia juu ya vijana. Vijana hawakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mkataba wa pili: Machi 2019 aliongezewa miaka 5 kwa dola milioni 145, akiwa ametoka msimu ambao bega lilimsumbua. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Desemba 2023 Boston wakampeleka Atlanta kwa Vaughn Grissom, na 2024 akashinda michezo 18, akapoteza 3, akatwaa Cy Young yake ya kwanza akiwa na jezi ya wengine. Kubadilishana kunaweza kukupa mrushaji wa miaka 25 hadi 28. Ukimwongezea mkataba akiwa na 30, umerudi kwenye soko la fedha kwa mlango wa nyuma.

Mpigaji: hapa fedha ina hoja

Ukigeukia wapigaji, historia ya Boston inasema kinyume. Manny Ramírez alisaini Desemba 2000, miaka 8, dola milioni 160, dau lililowashtua wengi wakati ule. Alikuwa mchezaji bora wa World Series ya 2004. Aliondoka 2008 kwa ugomvi, kweli, lakini kwa karibu miaka minane aliwapa walichokilipia. J.D. Martinez alikuja Februari 2018 kwa milioni 110 za miaka 5. Msimu wake wa kwanza alipiga mipigo 43 ya kuvuka uzio na kuwaingiza nyumbani wenzake 130, na kombe likaja.

David Ortiz hahitaji utangulizi kwa mtu wa Boston. Minnesota walimwacha Desemba 2002, Red Sox wakamchukua mwezi uliofuata kwa dola milioni 1.25. Misimu 14, makombe matatu, na 2022 akaingia kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli. Hakuna kijana aliyetolewa kumpata.

Timu ninayoipenda kuliko zote katika mjadala huu ni ile ya 2013. Agosti 2012 klabu iliwapeleka Los Angeles Dodgers Carl Crawford, Adrián González na Josh Beckett, ikajivua ahadi za mishahara ya zaidi ya dola milioni 250. Majira ya baridi yaliyofuata haikukimbilia nyota. Ilisajili watu wa kati kwa mikataba mifupi: Shane Victorino miaka 3, Mike Napoli mwaka 1, Jonny Gomes miaka 2, na Koji Uehara kwa milioni 4.25. Mashabiki walinung'unika kwamba hao ni wa kujazia kikosi. Oktoba Victorino alipiga mpigo wa alama nne uliowafikisha fainali, Uehara akawa mchezaji bora wa hatua hiyo, na mwisho wa mwezi ubingwa ukatwaliwa palepale Fenway kwa mara ya kwanza tangu 1918. Uehara ni mrushaji, najua, lakini wa kufunga mchezo, anayerusha awamu moja. Huyo unaweza kumnunua kwa mwaka mmoja bila hofu.

Fedha kwa mpigaji inaumiza ukisahau kuuliza atacheza wapi. Crawford, aliyesaini miaka 7 kwa milioni 142 mwishoni mwa 2010, alikuwa na kasi ya ajabu, na mlinzi wa uwanja wa kushoto mwenye kasi ni hazina. Isipokuwa Fenway. Pale ukuta wa kijani wenye urefu wa mita 11 umesogea karibu, eneo la kukimbia ni dogo, na sehemu kubwa ya alichokuwa nacho haikupata pa kutumika. Pablo Sandoval, miaka 5 na milioni 95, aliachwa katikati ya mwaka wa tatu akiwa bado anadai zaidi ya milioni 40.

Kisha ya Alex Bregman, ambayo nadhani itazungumzwa muda mrefu. Februari 2025 alisaini miaka 3 kwa milioni 120, na kipengele cha kumruhusu ajiondoe kila mwisho wa msimu. Alipiga vizuri, aliwafundisha vijana, na mkataba ulikuwa mfupi. Kwenye karatasi hakuna kosa. Ila Bregman hulinda kona ya tatu ya uwanja, na kona hiyo ilikuwa na mwenyewe: Rafael Devers, aliyekuwa na mkataba wa milioni 313.5. Devers akasogezwa awe mpigaji tu. Triston Casas alipoumia goti mwezi Mei, akaombwa ahamie kona ya kwanza, akakataa. Juni 15 akapelekwa San Francisco. Na msimu ulipokwisha Bregman akatumia kipengele chake, akawa huru tena. Kwa usajili mmoja wa fedha, Boston waliingia baridi iliyofuata wakiwa hawana Devers wala Bregman. Anayekuambia kwamba fedha haigharimu mtu, mkumbushe hesabu hii.

Vijana unaowatoa

Upande wa chipukizi una makaburi yake. La kale na chungu zaidi ni la Agosti 1990: Jeff Bagwell alipelekwa Houston kwa Larry Andersen, mrushaji wa akiba aliyewachezea Boston michezo 15. Bagwell alicheza misimu 15, yote Houston, akapiga mipigo 449 ya kuvuka uzio. Anthony Rizzo alitolewa 2010 kumpata Adrián González, na 2016 akawa nahodha wa kweli wa Chicago Cubs walipovunja ukame wa miaka 108.

Lakini ukiwatazama waliotolewa kwa ajili ya warushaji wakuu, picha ni tofauti. Hanley Ramírez, aliyetolewa kwa Beckett, alikuwa nyota kweli kule Florida, mchezaji bora chipukizi wa 2006. Mwaka mmoja baadaye Boston walikuwa mabingwa. Teel na Meidroth walicheza ligi kuu Chicago mwaka 2025 na wanaonekana watadumu. Nawatakia heri kwa moyo mweupe. Bei ilikuwa halali kwa pande zote, na biashara ya namna hiyo ndiyo inayodumisha heshima kati ya klabu.

Kubadilishana kunakoniuma ni kule kunakofanywa kwa ajili ya kupunguza mishahara. Februari 2020 Mookie Betts, mchezaji bora wa ligi ya American wa 2018, alipelekwa Dodgers pamoja na Price, kwa Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Julai Dodgers wakamfunga kwa miaka 12 na milioni 365. Tangu hapo ametwaa makombe matatu kule: 2020, 2024 na 2025. Huo haukuwa mpango wa kujenga timu, na hakuna shabiki anayepaswa kuutumia kama hoja dhidi ya kubadilishana kwa jumla.

Kuna jambo la tatu ambalo ubishi wa fedha na chipukizi hulisahau. Baada ya ushindi wa Crochet, Yankees walishinda michezo miwili iliyofuata na kuwatoa Boston. Mchezo wa tatu uliamuliwa na Cam Schlittler, mgeni wa ligi kuu, mtoto wa Massachusetts aliyesoma chuo kikuu palepale Boston. Alirusha awamu nane, akawatoa 12. Yankees hawakumnunua wala kumbadilisha na mtu. Walimchagua raundi ya saba mwaka 2022 na kumlea. Boston kwa miaka mingi wamelea wapigaji wazuri na warushaji wachache, na ndiyo sababu hasa ya mimi kusimama nilipo: wanachozalisha kwa wingi ni wapigaji, basi hao ndio wa kutoa, na kinachohitajika ni mrushaji kijana ambaye sokoni hapatikani.

Nikisikia Boston wanataka mpigaji, nitaunga mkono fedha, mradi mkataba usizidi miaka mitano na nafasi yake uwanjani iwe wazi tangu siku ya kwanza. Wakitaka mrushaji wa kuanza mchezo, nitaunga mkono chipukizi, hata wawili wanaouma, kama anayekuja hajafika miaka 28. Walimaliza msimu wa 2025 na watu wanne wa uwanja wa nje wanaostahili kucheza kila siku, na nafasi tatu: Roman Anthony, Ceddanne Rafaela, Wilyer Abreu na Jarren Duran. Anthony amefungwa kwa miaka 8 na milioni 130, asiguswe. Rafaela naye ana mkataba mrefu na ulinzi wake katikati hauna mfano pale. Mimi ningepokea simu kuhusu Duran, na jibu langu la kwanza lingekuwa kuuliza umri wa mrushaji wao.